Hesabu Uliyoipiga Wakati wa Joto

Mwanangu,

Jumapili ulipokuja hapa Kitunda na karatasi yako nilikusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza. Ulitaka nikujibu palepale, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Sikukujibu. Neno la haraka huwa nalijutia, na safari hii ningelijutia wewe ukiwa umeshapeleka barua ya kuacha kazi. Nimekaa nalo wiki nzima. Leo nakuandikia, usome taratibu, na mchumba wako umsomee pia, kwa sababu nyumba unayoisema ni yake vilevile.

Karatasi ile ilikuwa na mambo mawili. Unataka kuacha kazi kwenye kampuni ya viyoyozi ufungue karakana yako mwenyewe. Na unataka kuacha kupanga Tabata, ununue kiwanja Chanika uanze kujenga mwaka huu huu. Una milioni 9 benki: 6 za kiwanja, 3 za vifaa. Mei uwe umetoka kazini, Desemba uwe umehamia kwako. Neno "kwako" ulilipigia mstari mara mbili.

Kilichokupa ujasiri ni hesabu iliyokuwa chini kabisa ya karatasi. Kazi zako za pembeni, za Jumamosi na za usiku, zilikuingizia 900,000 Januari na 1,100,000 Februari. Mshahara unaoushika mkononi ni 780,000. Ukaniuliza, "Sasa shangazi, nabaki kwenye ajira nafanya nini?"

Mwanangu, hesabu hiyo umeipiga wakati wa joto. Dar es Salaam kuanzia Desemba mpaka Machi hakuna anayelala bila feni, na mwenye kiyoyozi kibovu humtafuta fundi hata usiku wa manane. Ofisi zinapiga simu, wauza samaki na vinywaji baridi wanapiga simu, friji zinafanya kazi bila kupumzika mpaka zinaungua. Kisha masika yanashuka, halafu unakuja upepo wa kusi na kipupwe chake, Juni mpaka Agosti, watu wanafungua madirisha na kujifunika shuka. Simu ya fundi inanyamaza. Ndiyo maana nilikuuliza Juni iliyopita kazi za pembeni zilikupa nini. Ulipekua miamala kwenye simu yako, ukanijibu kwa sauti ya chini: 160,000. Ukawahi kuongeza kwamba wakati ule ulikuwa hujajulikana. Huenda. Lakini hesabu ya kuacha kazi mimi ningeipiga kwa Juni. Mwenye nyumba hana kipupwe, wala tumbo halina.

Usinielewe vibaya. Sikukatazi kujiajiri. Nimeona kazi ya mikono yako, nimeona unavyolifungua friji kama daktari anavyomgusa mgonjwa, na najua kijana mwenye ufundi wa namna hiyo hapaswi kuzeeka akipokea maagizo ya mtu asiyejua hata kushika bisibisi. Nataka ufike. Ninachokihofia ni namna unavyotaka kuondoka.

Nikusimulie jambo ambalo baba yako analijua nusu tu.

Mwaka 1991 tulikuwa tumepanga Magomeni Mapipa, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, kila mtu na jiko lake mlangoni, choo uani kwa foleni. Mimi nafundisha, marehemu mume wangu yuko kiwanda cha nguo. Mzee mmoja wa Kizaramo akatukatia kipande cha shamba lake la mikorosho hapa Kitunda. Jamaa wakatucheka kwamba tumenunua pori. Tukajenga kama wajengavyo watu wa mshahara mdogo: mwaka huu msingi, mwaka unaofuata matofali, mwaka wa tatu hakuna kitu kwa sababu mtoto aliugua, mwaka wa nne linta. Mwaka 1996 kiwanda kikapunguza wafanyakazi. Ulikuwa wakati wa ubinafsishaji, viwanda vya umma vingi vikifungwa au kuuzwa, na jina lake likawa kwenye orodha ubaoni.

Akapewa mafao yake. Nilimwomba tupaue. Akasema paa halizai, gari linazaa. Akanunua kipanya, Hiace ya mtumba, akakiingiza njia ya Kariakoo. Miezi mitano kilileta hesabu kila jioni, dereva akipanga noti mezani huku mimi nasahihisha madaftari ya wanafunzi, na nilikiri kwa kinywa changu kwamba mume wangu ndiye aliyeona mbali. Mwezi wa sita giaboksi ikafa. Hakuwa ameweka senti ya matengenezo, kwa sababu ile hesabu ya kila jioni aliichukua yote kuwa ni faida. Gari likalala gereji wiki tatu, likatoka, likagongwa, likalala tena. Mwaka 1998 tuliliuza kwa bei ya chuma chakavu.

Tuliishi kwa mshahara wangu wa ualimu. Mdogo, wenye kuchelewa, lakini ulikuja. Kodi ya Magomeni ilipotushinda tulihamia huku kwenye boma: chumba kimoja tulichokiezeka bati, mlango mmoja wa mbao, madirisha ya magunia. Nililia siku ile, sikufichi. Lakini hakuna aliyetugongea kudai kodi, na watoto walikula. Upande mmoja wa maisha yetu ulianguka wote, upande wa pili ukabaki umesimama. Kabla ya hapo rafiki yangu mmoja alikuwa akinishawishi niache ualimu tufungue mgahawa. Ningemsikiliza, sijui tungelala wapi.

Ndiyo maana karatasi yako ilinitia baridi. Ukitembea, mguu mmoja unainuka na mwingine uko chini. Wewe unataka kuinua yote miwili mwezi mmoja, tena kwa pesa ya mfuko mmoja.

Na pesa hizo mbili hazina tabia moja. Pesa ya biashara inatakiwa iweze kuitwa ikaitika. Leo umenunua kompresa, kesho mtungi wa gesi, keshokutwa mteja wa ofisi amekwambia ankara yako italipwa baada ya miezi miwili na wewe lazima uendelee kufanya kazi za wengine kwa pesa yako. Pesa ya nyumba ikishakuwa zege haiitiki tena. Huwezi kukata kipande cha msingi ukanunulia kompresa. Ukipita mitaa ya huku uangalie maboma yaliyoota miti ndani. Mengi si ya watu wavivu. Ni ya wafanyabiashara waliokuwa na mtaji mzuri wakauchomoa kidogo kidogo kununua matofali, biashara ikakonda ikafa, na nyumba nayo ikasimama palepale kwenye linta.

Sasa nije kwenye kupanga, maana ulisema kodi ni pesa ya kutupa. Neno hilo tumewafundisha sisi wazazi wenu, na tumewafundisha vibaya. Unalipa 150,000 kwa chumba na sebule, yaani 1,800,000 kwa mwaka. Fundi aliyekukadiria amesema nyumba ya vyumba viwili itakula milioni 35. Weka na kiwanja, milioni 41. Hiyo ni kodi yako ya karibu miaka 23, na nikuhakikishie kwamba fundi hakuhesabu shimo la choo, kuvuta umeme, maji, fensi wala geti. Najua kodi itapanda na najua chumba na sebule hakitawatosha mkipata watoto. Lakini angalia kwanza kodi hiyo inakununulia nini. Wateja wako wako Kariakoo, Upanga na Ilala. Ukiwa Tabata, mtu akikupigia saa 12 jioni friji lake la dawa limezima, utafika. Ukiwa Chanika, na mtungi wa gesi begani na daladala mbili mbele yako, atampigia mwingine, na kesho hatakukumbuka. Umeniambia mwenyewe nauli ya huko itakuwa 3,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 78,000, zaidi ya nusu ya kodi unayosema unaitupa, na masaa matatu ya kila siku njiani sijayapigia bei.

Adha ya kupanga ninaijua, nimepanga miaka 15. Dalali anachukua kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango. Mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Hata kodi ya majengo, tangu ilipoanza kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021, mpangaji anayenunua umeme ndiye anayeilipa kutoka mfukoni mwake, na wengi hawamwambii mwenye nyumba wafidiane. Kwa mtu aliyejiajiri, hiyo miezi sita ndiyo mtihani mkubwa. Mkataba wako unaisha Julai. Maana yake utadaiwa 900,000 katikati ya kipupwe, simu ikiwa kimya. Zungumza na mwenye nyumba sasa, ukiwa bado una mshahara na sifa ya mlipaji. Mwombe Julai ulipe miezi mitano, ili Desemba joto linapoingia ndipo uanze kulipa sita sita. Kila Desemba na kila Juni. Ile ya Juni uitenge kuanzia Februari, kabla masika hayajashuka, usiiguse. Nyumba ya kupanga ikikushinda kwa jambo dogo kama hilo, ya kujenga itakushinda kwa makubwa.

Ulitaja pia mkopo wa nyumba. Benki zinautoa, na riba yake hapa kwetu imekuwa kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Nimempa mjukuu kikokotoo apige: milioni 40, riba ya 15, miaka 15. Inatoka karibu 560,000 kila mwezi, na mpaka mwisho utakuwa umerudisha zaidi ya milioni 100. Mshahara wako ukikatwa kiasi hicho haubaki hata theluthi. Kwa hiyo tuuweke pembeni. Lakini jihadhari na ndugu yake mdogo, mkopo wa mshahara. Leo benki inakukimbilia kwa sababu mwajiri wako ndiye anayekukata na kupeleka. Usichukue mkopo huo ukaufanyia mtaji kisha ukaacha kazi. Mshahara unakoma, deni halikomi, na anayebanwa na deni la benki ndiye anayeishia mlangoni kwa wakopeshaji wa kausha damu. Nimewaona walimu wenzangu, watu wazima wenye heshima zao, wakikimbia nyumba zao mchana kwa ajili ya deni la laki tatu lililozaa milioni.

Kuna jambo la ajira ambalo hukuliandika kabisa. Kila mwezi NSSF inapokea asilimia 10 kutoka kwako na 10 kutoka kwa mwajiri. Siku ukitoka hakuna anayekuchangia ila wewe, na mtu aliyejiajiri hupenda kusema nitaanza mwezi ujao. Mfuko unapokea wanachama wa hiari, jiandikishe wiki ileile unayotoka. Ila nyumba yako usiiwekee matumaini ya mafao ya uzeeni. Wapo wenzangu serikalini walionuia kujenga wakistaafu, wakitegemea nusu ya mafao kwa mkupuo. Julai 2022 kikokotoo cha mafao kikashuka hadi asilimia 33, wakajikuta na pesa ya msingi badala ya nyumba. Mwaka 2024 kilipandishwa hadi 40, lakini waliokuwa wamezeeka walikuwa wameshazeeka kwenye nyumba za kupanga. Kwa hiyo sikwambii usijenge. Mtu asiye na pake uzeeni huwa mgeni kwa watoto wake mwenyewe.

Hapa nitakukemea kidogo. Katika wateja wa Februari ulionitajia, wawili ni wateja wa kampuni. Uliwapata ukiwa umetumwa na mwajiri, umevaa fulana yake, ukawaachia namba yako ili mara nyingine wakupigie wewe kwa bei nafuu. Najua wenzako wote wanafanya hivyo. Usifanye. Mteja uliyemchukua kwa mwajiri wako atakuja kuchukuliwa na kijana utakayemwajiri wewe, na hutakuwa na uso wa kulalamika. Zaidi ya hapo, siku ukitoka kwa amani huyo bosi anaweza kukupa kazi ambazo kampuni haina muda nazo. Mafundi wengi waliosimama katika mji huu walisimama kwa kazi za mabaki kutoka kwa waajiri wao wa zamani. Wawili hao waondoe kwenye hesabu yako uone inabaki nini.

Kiwanja chenyewe sasa. Umeoneshwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, ukaamini. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba mliuziana, haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, imekabidhiwa kwa Rais kwa niaba yetu, na mtu mmoja mmoja hupewa haki ya kuitumia, kwa mijini mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Hivyo uliza: kimepimwa? Kama kimepimwa, fanya upekuzi kwa msajili wa hati ujue kimeandikwa kwa nani na kama kina mkopo juu yake. Kama hakijapimwa, nenda halmashauri waangalie ramani ya mipango miji, usije ukajenga sebule mahali palipochorwa shule au barabara. Mwaka 2017 nyumba za Kimara mpaka Mbezi zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro. Zilikuwa nyumba za watu waliotumia maisha yao, nyingine za ghorofa, zenye umeme na maji. Nilikwenda kumpa pole rafiki yangu pale. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kifusi, ameshika pazia. Sijasahau lile pazia.

Na majina. Mume wangu alipofariki 2004, karatasi ya kiwanja hiki ilikuwa na jina lake peke yake. Nilikuwa nimelipia nusu ya kila tofali. Siku ya arobaini ilipopita, ndugu zake wakaitisha kikao cha ukoo kuzungumzia "nyumba ya ndugu yetu". Ilinichukua miaka miwili, na nauli zisizo na idadi za Mahakama ya Mwanzo, kusimamia mirathi na kubaki hapa. Baba yako alikuwa akinisindikiza, muulize. Wale ndugu hawakuwa watu wabaya. Karatasi ndiyo iliyowapa mdomo. Ukishaoa, weka majina yote mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, lakini sheria hiyo unaifikia ukiwa umeshalia. Jina kwenye karatasi linamaliza maneno mapema.

Basi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningeanza na kiwanja, nikiwa bado kazini, kama kitapita hiyo mitihani. Kisipopita, pesa ikae. Ningekiwekea alama za mipaka mbele ya majirani, nipande miti pembeni, nisitie hata tofali moja. Milioni 3 zinazobaki ningeziacha benki, ndizo miezi sita ya kula kwako na kodi yako. Vifaa ningevinunua kwa pesa ya kazi za pembeni zenyewe, kimoja kimoja, na kila shilingi iliyoingia na iliyotoka ningeiandika kwenye daftari la karatasi, kipupwe chote, hata siku ambayo haikuingia kitu. Hasa siku hiyo. Na kama ni kutoka, ningetoka Novemba. Mei unatoka joto linaondoka, unafungua karakana mlangoni mwa njaa. Novemba unatoka joto linaingia, una miezi minne mizuri ya kujulikana kabla simu haijanyamaza. Kujenga kungesubiri karakana ivuke vipupwe viwili. Nikianza, ningeanza na banda la uani, vyumba viwili na choo, nihamie humo au nipangishe, nyumba kubwa ije kwa wakati wake.

Mchumba wako ana kazi, na hukuiandika popote kwenye karatasi yako. Mshahara wake unaweza kuwa ndio mguu ulioko chini siku wewe unapoinua wako. Lakini hilo si la kumwamulia, ni la kumwomba. Mwulize anaogopa nini. Mimi mume wangu hakuniuliza.

Usitoe pesa ya kiwanja kabla ya Aprili. Muuzaji akikuharakisha, akisema kuna mteja mwingine amekaa benki anasubiri, mwache amuuzie huyo. Jumapili ya pili ya Aprili, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo, mje hapa asubuhi wewe na mwenzako, twende Chanika wote watatu. Vaeni mabuti. Nataka tuone maji yanapita wapi na yanatuama wapi, nataka kumpata bibi kizee jirani wa kiwanja hicho tukae naye kibarazani, na nataka tuhesabu kwa saa daladala inachukua muda gani kutoka pale mpaka Kariakoo siku ya tope. Uje na daftari lako, likiwa na Machi yote ndani.

Shangazi yako,
Kitunda